Khalifa Aliye Chini ya Wasii

Al-Hakam wa Pili, khalifa wa Cordoba huko Andalusia, alifariki mwaka 976 na kumwacha mrithi wa miaka 10 hivi, Hisham. Alikuwa amekwisha kumchukulia mwanawe baia, kiapo cha utii, lakini baia haikuliondoa swali: asiyebaleghe aweza kuwa imamu wa Waislamu?

Fiqhi ya Kisunni hukataa. Yatima hakabidhiwi mali yake mpaka abaleghe na aonekane ana busara. Asiyeruhusiwa kuuza shamba lake atabebaje amana ya umma? Ibn Hazm, mwanachuoni wa Cordoba, aliandika kwamba Waislamu wote wanaukataa uimamu wa mtoto isipokuwa Mashia. Hao walikuwa na hoja. Imamu wao Muhammad al-Jawad alirithi cheo akiwa bado mtoto, nao wakamtaja Nabii Yahya, aliyepewa hekima utotoni: elimu ya imamu hutoka kwa Mungu, haingoji umri. Cordoba, iliyofuata madhehebu ya Kisunni ya Maliki, haikuwa na hoja kama hiyo. (Baba yake Ibn Hazm, hata hivyo, alikuwa waziri katika serikali iliyoendeshwa kwa jina la Hisham.)

Kilichomkalisha mtoto kitini ni hofu ya wakubwa. Matowashi wa ikulu walimtaka al-Mughira, ndugu wa marehemu. Waziri al-Mushafi na wenzake waliona kwamba khalifa mtu mzima hatakuwa na haja nao, na al-Mughira akauawa mara moja. Kazi hiyo alipewa Muhammad ibn Abi Amir, msimamizi wa mali za Hisham, aliyekuwa akiungwa mkono na Subh, mama wa mtoto. Baadaye alimwangusha al-Mushafi mwenyewe, na mwaka 981 akamshinda mkwewe, jemadari Ghalib. Akajiita al-Mansur. Hisham alifungiwa ikuluni, jina lake likiendelea kutajwa katika hotuba za Ijumaa.

Sheria ya yatima ilikuwa na kitu ambacho kiti cha ukhalifa hakikuwa nacho. Wasii wa kawaida, yaani msimamizi wa yatima, huwajibika kwa kadhi, na kazi yake ina mwisho. Al-Mansur ndiye aliyekuwa na nguvu juu ya makadhi. Hisham alibaleghe, akapita miaka 20, kisha 30, na hakuna aliyethubutu kutangaza kwamba usimamizi umekwisha. Subh alijaribu kutoa fedha za hazina ili kumpinga mshirika wake wa zamani. Alishindwa.

Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, aliliangalia suala hili akiishi chini ya makhalifa wa Abbasi waliobanwa na wababe wao. Alisema khalifa aliyetawaliwa na msaidizi wake hapotezi uimamu, mradi matendo ya msaidizi yafuate dini na uadilifu. La sivyo, khalifa amtafute wa kumdhibiti. Ni jibu la mtu aliyeyajua mazingira yake, ila linamwachia mfungwa kazi ya kujifungulia mlango.

Huko Cordoba, mwaka 1008 Abd al-Rahman, mwana wa al-Mansur na sasa mwenye mamlaka yake, alimfanya Hisham amtangaze mrithi wa ukhalifa wenyewe, ingawa hakuwa Mkureshi, yaani wa kabila la Mtume ambalo khalifa alipaswa kutoka. Watu wa Cordoba walikuwa wamevumilia khalifa mtoto na khalifa mfungwa, hili hawakulivumilia. Mwaka 1009 waliasi, Hisham akalazimishwa kujiuzulu, na mwaka 1031 ukhalifa ukafutwa. Hata baada ya hapo watawala wa Sevilla walimtoa mtu waliyedai kuwa ni Hisham, wakatawala kwa jina lake.