Mwambie Fundi Ufa Ulipo

Huku kusini mwa Maniema tunaijua dhahabu kuliko almasi. Dhahabu ya Namoya na Salamabila, upande wa Kabambare, ukiigonga nyundo inatandaa. Pete ikiharibika, fundi anaiyeyusha na kuanza upya. Almasi haina huruma hiyo. Kwa hiyo mtu aliyezoea dhahabu, akijaliwa jiwe lililokwisha kukatwa na akataka litiwe kwenye pete, anachoogopa ni kubadilishiwa tu. Kuvunjika hakumjii akilini, maana tangu utotoni ameambiwa kwamba hakuna kinachoishinda almasi. Imani hiyo ni ya kale: Plinio, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba almasi ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa, nyundo ndiyo inayopasuka. Si kweli. Kwenye kipimo cha Mohs almasi ina 10, ya juu kabisa, lakini kipimo hicho ni cha kukwaruzwa, si cha kugongwa. Ndani yake ina pande nne ambazo inakubali kupasuka, kama kuni inavyofuata nyuzi zake, na wakataji wa zamani walizitumia makusudi: ubapa, pigo moja, jiwe likawa mawili.

Sasa tazama mkono wa fundi. Anachonga kijifereji katika kila ukucha wa dhahabu, analikalisha jiwe, kisha anazikunja kucha juu yake kidogo kidogo, mbili zinazotazamana kwa zamu. Ukucha unapoubana ukingo wa jiwe ndipo penye hatari. Ukingo ukiwa mwembamba mno, au jiwe likiwa na ncha kali, au ufa wake ukifika juu, koleo likiteleza mara moja tu kipande kimeruka. Moto nao una yake. Almasi ni kaboni, na hewani huweza kuungua kwenye nyuzi joto 850 hivi, wakati dhahabu safi huyeyuka kwa 1064. Kulehemu kunapaswa kwisha kabla jiwe halijakaa. Ikilazimu baadaye, fundi hulipaka asidi ya boriki, na akimaliza huliacha lipoe lenyewe bila kulichovya majini. Yapo pia mawe ambayo nyufa zake zimejazwa kioo ili yapendeze dukani. Hayo moto huyaumbua.

Kwa hiyo naona mlinzi wa kwanza wa jiwe ni mwenye jiwe, na kazi yake ni kusema. Wengi hufanya kinyume: wanaficha ufa ili jiwe lisishuke bei machoni pa fundi, naye anabana pale pale pasipobanika. Mficha uchi hazai. Wengine hudai kwamba kumhoji fundi ni kumdharau. Fundi aliyekomaa hahitaji kuhojiwa, maana yeye ndiye anayetangulia kuuliza, na hulitazama jiwe kwa lenzi ya kukuza mara 10 mbele ya mwenyewe. Anayekasirika kuulizwa amekwisha kujibu.

Kuna pingamizi zito zaidi: almasi za Kongo nyingi ni za viwandani, na nzuri huuzwa ghafi, basi mambo ya pete yanatuhusu nini? Lakini jiwe la vito lina safari moja. Almasi ya Millennium Star ilipatikana eneo la Mbuji-Mayi mwaka 1990 ikiwa na karati 777, ikatoka kwa wakataji na karati 203. Ile ya waridi ya Mwadui, Tanzania, iliyopatikana 1947 na kupewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ilitoka 54.5 ikabaki 23.6, ndipo Cartier wakaitia kwenye bruchi mwaka 1953. Upungufu huo ulipangwa. Kilichobaki baada ya hasara kubwa hivyo ndicho kinachofika mkononi mwa fundi wa mwisho, na hapo hakuna tena cha kupunguza.

Watu wenye bima watasema wao watalipwa. Pengine, ila bima nyingi huuliza jiwe lilikuwaje kabla, na asiye na maandishi hana jibu. Karati moja ni gramu 0.2, mizani ya jikoni haitaona kipande kilichoruka. Uzito, vipimo na mahali pa ufa viandikwe kabla jiwe halijaachwa, na nani atalipa likivunjika iamuliwe siku hiyo hiyo. Fundi akikataa dhamana ya jiwe lenye ufa, ana haki. Hapo mwenye jiwe achague: likatwe upya, liwe dogo zaidi, au litiwe ndani ya ukanda wa dhahabu laini unaozunguka ukingo wote.