Kiti cha Milanzi

Mwene, yaani mtawala, wa Milanzi alipokuwa akielekea porini alimwachia mkewe agizo moja: watakuja wageni, na wakikiomba kiti changu usiwape. Ndivyo simulizi ya Ufipa, kusini magharibi mwa Tanzania, inavyosema. Wageni wakaja kweli, wanawake waliochoshwa na safari, na mke wa mwene akaona aibu kuwaacha wakae chini. Akawatolea kiti. Mwene aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wengine. Ukoo wa wanawake hao, ukoo wa Twa, ukaitawala Ufipa, baadaye ukagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na Milanzi ikabaki na eneo dogo pamoja na heshima ya matambiko.

Ni rahisi kumlaumu mke. Mimi namlaumu mwene. Alijua hatari inakuja, akajua na sura yake, lakini kwa mkewe aliacha katazo tupu, bila kumweleza kiti kile kilibeba nini. Mwanamke aliyelelewa kumpokea mgeni angefanya nini kingine?

Watu wa Milanzi wanakumbukwa pia kwa uhunzi, na huko kosa la mwene lilirudiwa. Wafipa walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuri la udongo linalozidi kimo cha mtu, lenye matundu chini ya kuingizia hewa bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo kikafuliwa majembe. Jembe hilo ndilo lililofukia majani chini ya matuta ya intumba ili yaoze na kuirutubisha ardhi ya nyanda zisizo na miti mingi. Ndilo lililolipa mahari. Ilungu lilipambwa kama bi harusi, na mafundi waliokuwa kazini hawakuwakaribia wake zao. Dawa za kazi zilikaa katika kikapu cha fundi mkuu, na siri yake ilikuwa yake. Kijana alibeba mkaa, akatii miiko, lakini kubeba mkaa si kuelezwa.

Kisha majembe ya Ulaya yakafika madukani, tayari na kwa bei nafuu. Nani akeshe porini akichoma mkaa? Padri Wyckaert wa shirika la wamisionari la White Fathers aliandika habari za wahunzi wa huku mwaka 1914, kazi ikiwa bado hai. Kufikia miaka ya 1930 moto wa malungu ulikuwa umekaribia kuzimika, na wahunzi waliobaki wakafua vyuma chakavu.

Kwingine maarifa hayakupotea hivyo: katika mbuga za Canada Wakree, watu wa asili wa huko, na wenzao walinyang'anywa yao kwa nguvu. Nyati waliowalisha waliangamizwa, kisha watoto wao wakapelekwa shule za bweni ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama. Nchi nzima, watoto waliopitia shule hizo wanakadiriwa kufika 150,000, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyaita hayo mauaji ya utamaduni. Ukoloni ulitubana na sisi kwa kodi na kazi, sikatai. Lakini hakuna askari aliyehitaji kubomoa kila ilungu. Malungu yalipoteza kazi, na wenye maarifa wakaenda nayo kaburini kwa sababu siri ilithaminiwa kuliko mrithi. Hilo linaniuma zaidi, maana lilikuwa mikononi mwetu.

Leo Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, kama ilivyo Majengo. Kijana wa Majengo ananunua jembe bila kujua kwamba babu wa babu yake huenda alitengeneza la kwake kutoka kwenye jiwe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, alichunguza mabaki ya uhunzi huko Nkansi, na kazi yake inaonyesha kuwa mengi bado yanasomeka ardhini. Mwalimu wa historia aliye Sumbawanga anaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye ilungu lililosimama, wapime kimo, wahesabu matundu, wachore, kisha wamuulize mzee wa kijiji hicho udongo ulichimbwa wapi, mti gani ulitoa mkaa mzuri, na kwa nini kila mwiko uliwekwa. Swali la mwisho wasikubali lijibiwe kwa neno "mila" peke yake.