Mahindi ya Darini

Masika huanza lini? Vitabu vya shule hujibu upesi: Machi hadi Mei. Handeni jibu hilo halimfai sana mwenye jembe. Februari inakwisha, udongo umepasuka, kaskazi imelegea na kusi haijashika. Mawingu hujikusanya mchana, jioni yakatawanyika. Hapo ndipo wenye vibustani nyuma ya nyumba hufanya jambo ambalo kwangu ni zito kuliko mengi yaliyoandikwa na wanafalsafa: hufukia mbegu kwenye vumbi.

Anayengoja mvua ithibitike hupoteza siku za unyevu, na mvua za huku huweza kukatika kabla hindi halijabeba. Anayewahi naye yuko hatarini. Punje ikishanyonya maji yapata theluthi ya uzito wake, huamka, na ikiamka hailali tena. Manyunyu yakifuatwa na wiki mbili za jua kali, mche umekufa na mbegu imekwenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, nao husaidia, ila masika ni magumu kutabirika kuliko vuli, ambayo hufuata zaidi joto la bahari.

Mwaka 1969 mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, aliandika katika African Religions and Philosophy kwamba Mwafrika wa jadi huishi katika Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao kwake ni kama haupo. Aliyaachia nafasi yale tu yaliyomo katika mzunguko wa maumbile, kwa kuwa hayana budi kutokea. Wengi walimpinga, wengine bila kumsoma vizuri. Mimi nakwama mahali pamoja. Masika ya Handeni yamo katika mzunguko wa maumbile, lakini yanaweza yasije. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi wa huku walishuka pwani kutafuta chakula, na baadhi yao wakaishia utumwani bonde la Juba, Somalia. Vizazi vyao vilipokimbia vita vya huko baada ya 1991, baadhi walipewa makazi Chogo, humu humu Handeni. Watu wenye historia hiyo hawawezi kuamini kwamba mvua haina budi kuja. Na bado wanapanda.

Basi wakati ujao wao uko wapi? Uko darini, jikoni. Mahindi ya mbegu, yaliyo bora, huachwa na maganda yake, yakafungwa pamoja na kuning'inizwa juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Chakula kinapopungua, kila anayepika anayaona akiinua macho. Watoto wanayaona. Hayaguswi. Kesho ya nyumba hiyo inaweza kupimwa kwa kilo: ni chakula kilichozuiwa kisiingie chunguni, na aliyepo ndiye anayelipa, kwa njaa yake, kwa ajili ya siku ambayo hakuna aliyemwahidi. Miti mingi ya miombo hufanya jambo la karibu na hilo. Huchipua majani mapya, mengine mekundu kabisa, kabla mvua haijafika, kwa maji iliyojiwekea.

Korogwe mambo ni mengine. Mto Pangani unateremka na maji ya Kilimanjaro na Meru, na mwenye bustani karibu nao humwagilia mchicha na bamia kwa ndoo hata kiangazi. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi; siku yoyote yaweza kuwa mwanzo. Nadhani wakati ujao wake ni mdogo kuliko wa Handeni, maana hana anacholazimika kujinyima. Hali hiyo ni njema, na ningependa kila nyumba ya Handeni iipate, hata kama kwa kuipata tutapoteza jambo la kutafakari.

Mbiti alizaliwa Kitui, nchi iliyozoea ukame. Wakati ujao aliutafuta katika vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, akaona hauvuki miaka miwili. Laiti angeutafuta pia jikoni, akauliza ni wakati gani huo ambao mama mwenye njaa anaulinda anapopita chini ya mahindi na kwenda kuchuma mlenda.