Ng'ombe wa Nani?

Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, ujue mbele kuna gari bovu. Siku ile matawi yalikuwa yetu. Tulitoka Karatu asubuhi na ng'ombe 18, tunakwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700, na hata Rhotia hatukufika. Klachi iliungua mlimani. Utingo akaruka na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi, lori likatulia.

Mimi nilikuwa abiria tu, nafuatilia habari ya bei ya nyama.

Lori likitembea, ng'ombe anavumilia. Kuna upepo, na kila mtu anajiambia watapumzika mbele. Likisimama juani wanaanza kusukumana, na anayelala chini hukanyagwa na wenzake. Ndiyo maana vijana hukaa juu ya bodi. Kazi yao ni kumwinua aliyelala, hata kwa kumvuta mkia. Saa saba mchana dume mmoja mwekundu alilala, akavutwa, hakuinuka.

"Si muwashushe?" nikasema. Dereva akanitazama kwa huruma. Ng'ombe hashuki kwenye lori kama abiria wa daladala. Lazima gari lirudi kinyumenyume hadi kwenye tuta la udongo, na letu lilikuwa halirudi popote. Wakiruka watavunjika miguu, wakipona wataingia kwenye mahindi ya watu. "Dada, mimi naendesha gari. Ng'ombe wana mwenyewe." Mwenyewe tukampigia, yuko Arusha: asishushwe hata mmoja, fundi yuko njiani. Fundi naye anasubiri spea. Kila mtu alikuwa na sababu, na sikuona hata moja iliyokuwa ya uongo.

Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu kwa binadamu kwa njia ya kuzunguka: anayezoea kumtesa mnyama atakuja kumtesa mtu. Nilipolisoma hilo chuoni lilinitosha. Pale mlimani halikunitosha, maana dume alikuwa anakwisha kwa kiu na hapakuwa na mkatili. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inagusa usafirishaji. Lakini sheria hutafuta mkosaji, na mimi nilikuwa naona watu waliochoka tu.

Akatokea mzee mmoja na punda wake, madumu manne ya maji mgongoni. Tukamwamkia. Akachungulia ndani ya bodi, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi: "Hawa wamekunywa lini?"

Tukatazamana.

Kisha akataja bei. Shilingi 1,000 kwa dumu.

Nilimchukia, nikiri. Mtu mzima, unaona kiumbe kinakufa, unataja bei? Aibu ilikuja baadaye. Maji yale aliyafuata mbali kwa ajili ya nyumba yake. Wote tuliokuwa pale tulikuwa na chetu katika safari ile: dereva na posho yake, vijana, mwenye mali, mimi na makala yangu. Ng'ombe hakuomba safari. Sisi ndio tuliomfungia mahali asipoweza kujitafutia maji, kwa hiyo kiu yake ilikuwa deni letu, kila mmoja kwa fungu lake. Mzee ndiye pekee asiyedaiwa kitu, na ndiye niliyetaka atoe bure.

Nililipa madumu yote manne. Vijana wakawanywesha kwa ndoo, mmoja mmoja, kupitia kwenye mbao.

Nikakumbuka Juni 2022, barabara hii hii, malori yalipoanza kuhamisha familia na mifugo yao kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Nilikuwepo kikazi. Niliandika idadi ya malori, nikaandika viongozi walisema nini. Lori moja likiharibikia njiani, nani atawapa mbuzi maji? Sikuuliza. Na habari ile nililipwa.

Dume alichinjwa saa kumi, mle mle ndani ya bodi, kabla hajafa, ili nyama isiwe mzoga. Kwa hilo mwenye mali aliruhusu kwa simu ya nusu dakika.

Fundi alimaliza usiku. Lori lilipoondoka nilimwona utingo anapanda mikono mitupu. Jiwe lilikuwa limebaki barabarani, kwenye njia ya magari yanayopanda nyuma yetu gizani. Nikamwambia dereva asimame tukaliondoe.

"Dada, mlimani sisimami."

Tukaendelea.