Je, Ngoma Nayo Ibatizwe?

Katika sharika zetu za Simiyu kuna swali ambalo halimo katika kitabu cha mafundisho ya ubatizo. Hata hivyo hurudi kila mwaka mavuno yanapoingia ghalani, pamba ikiwa kwenye mizani na watu wakiwa na nafasi ya kupumua. Ndio wakati ngoma zinapoanza kulia usiku kutoka Itilima hadi Meatu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyekuwa mcheza ngoma akimpokea Kristo, afanye nini na ngoma yake? Aichome? Aiuze? Ailete kanisani? Au aendelee kuicheza Jumamosi, na Jumapili akaribie Meza ya Bwana?

Majibu ya haraka yapo mawili. Wa kwanza husema ngoma ni ya shetani, na moto ndio dawa yake. Wa pili husema ngoma ni utamaduni tu, na utamaduni hauna dhambi. Tumewasikia wote wawili katika Baraza la Wazee, wakati mwingine katika kikao kimoja, na tunaona majibu hayo yana upungufu ule ule: hakuna anayemwuliza mchezaji kitu chochote. Kwa sababu hiyo tulikwenda Bujora, wazee wa kanisa kadhaa, wanakwaya na mwinjilisti wetu, tukatazame na kuuliza.

Kutoka Bariadi lami inakufikisha Lamadi. Hapo unaingia barabara kuu ya Musoma na Mwanza, unapita Magu, na kabla ya kufika jijini unakuta mji wa Kisesa. Kilima cha Bujora kiko juu ya Kisesa, na mawe makubwa yale tunayoyajua Wasukuma wote. Ni makumbusho, ni parokia ya Wakatoliki, na tangu zamani ni makao ya wapiga ngoma, wachezaji na mafundi. Muasisi wake ni Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers kutoka Kanada, aliyeanza kazi hapo miaka ya 1950. Aliwakusanya wazee na wanamuziki wa Kisukuma, wakatafuta pamoja namna ya kumwimbia Mungu kwa sauti za nchi hii. Makumbusho yenyewe yalianzishwa mwaka 1968.

Tulipokewa na mwongozaji, kijana wa pale pale Kisesa, ambaye babu yake alikuwa mchezaji. Alitusalimu “mwangaluka”, akangoja tuitikie vizuri, kisha akatutembeza bila haraka. Tulipita mji wa Kisukuma uliojengwa kama wa zamani, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Tuliziona ngoma za watemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, mwaka ule ule makanisa ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa KKKT, na ngoma hizo zilizokuwa sauti ya utawala sasa zimetulia ndani ya nyumba. Kijana alisema wageni huzipiga picha zaidi kuliko vijana wa Kisesa wanavyokuja kujifunza kuzipiga. Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Halafu akatuonyesha jengo la vyama vya ngoma, na hapo ndipo tulipokaa kwa muda mrefu. Wasukuma wengi wanajua kwamba wachezaji wamegawanyika pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Husimuliwa kwamba pande hizo zilitokana na mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana nguvu kuliko mwenzake, wakaamua kushindana kwa ngoma. Hadi leo ndivyo inavyokuwa, hasa katika sikukuu ya Bulabo, mwezi wa sita, ambayo pale Bujora imefungamanishwa na sikukuu ya Wakatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna waamuzi wenye karatasi. Watu wenyewe ndio waamuzi, kwa miguu yao: wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Ndiyo sababu wachezaji hubuni kila namna ya kuwavuta, wengine kwa majoka, wengine kwa nungu, wengine kwa majembe yanayorushwa na kudakwa kama kwenye bugobogobo, ile ngoma iliyozaliwa shambani ili watu walime pamoja bila kuchoka.

Mzee mmoja wa kwetu akauliza, “Na dawa je, mwanangu?”

Kijana akacheka kidogo. “Baba, dawa ipo. Kuna ya kuvuta watu, na kuna ya kujikinga na dawa ya mwenzako.”

“Na asiye na dawa?”

“Huyo sijapata kumsikia. Kuingia uwanjani bila dawa ni kama kwenda shamba bila jembe.”

Tunadhani jibu hilo lilitusaidia kuliko vitu vyote tulivyoonyeshwa siku ile. Tulikuwa tumekwenda kuuliza kuhusu ngozi na mti, naye akatuelekeza kwenye kile ambacho moyo unakitegemea. Luther, katika Katekisimu Kubwa, anapoieleza amri ya kwanza, haanzi na sanamu. Anaanza na moyo: kile unachokitumaini na kukikimbilia wakati wa shida, hicho ndicho mungu wako kweli. Kwa kipimo hicho ngoma haina kesi. Mwenye kesi ni yule anayeamini kwamba watu hawatamjia, mvua haitanyesha, na mtoto hatapona, mpaka kitu fulani kifungwe kiunoni.

Maandiko yana mfano ambao hatuusomi vya kutosha. Katika Hesabu 21 Mungu mwenyewe anamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, na kila aliyeumwa akimtazama anaishi. Nyoka huyo ni kazi ya sanaa kwa amri ya Mungu. Lakini ukifungua 2 Wafalme 18, karne nyingi baadaye, utamkuta mfalme Hezekia akimvunja vipande vipande, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile na fundi yule yule. Kilichobadilika ni magoti ya watu. Tena habari haikuishia hapo. Katika Yohana 3 Bwana Yesu, akizungumza na Nikodemo, anamchukua nyoka huyo huyo awe mfano wa msalaba wake. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kitu kikishatumiwa vibaya kimekufa milele, na mtu asituambie kwamba kitu alichokiagiza Mungu hakiwezi kuharibika.

(Kila anayetetea ngoma humtaja Daudi aliyecheza mbele ya sanduku. Nasi tunampenda Daudi. Ila siku ile hakuwa akishindana na kikundi cha upande wa pili.)

Walutheri tunayo historia yetu katika jambo hili. Mwaka 1522, Luther akiwa mafichoni Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuvunja picha na sanamu makanisani. Alirudi mwezi wa tatu akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzipenda picha kuliko wao, lakini alikataa watu walazimishwe kwa shoka pale ambapo Neno halijaingia moyoni. Ukimwondolea mtu sanamu ya ukutani kabla ya ile ya moyoni, umempa kazi ya kutafuta ukuta mwingine. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linasema umoja wa kanisa unasimama juu ya Injili na sakramenti, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Na huku kwetu alikuwapo Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Old Moshi hadi mwaka 1938. Yeye aliona ukoo, ujirani na urika wa Wachaga kuwa vifungo ambavyo Mungu alikwisha kuviweka kabla mmisionari hajafika. Si kila mtu alikubaliana naye, lakini aliuliza kabla ya kubomoa.

Twende mbele kidogo, maana hapa ndipo penye uzito. Wapo wanaodhani kwamba dawa ya ngoma ni mchezo tu, kama hirizi ya mcheza mpira. Sisi tunaoishi Usukuma hatuwezi kuichukulia hivyo. Anayeamini kwamba dawa yake inavuta watu, ataamini pia kwamba dawa ya jirani imemuua ng'ombe wake. Anayeamini hilo ataenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli atamtajia mtu. Tumezika bibi zetu katika nchi hii, wanawake wazee ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, na macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe waliochochea miaka hamsini ili wengine wale. Kwa hiyo tunaposema suala ni dawa na si ngoma, hatulegezi kamba. Tunaikaza pale panapostahili.

Na tukiikaza, haitaishia uwanjani kwa Bagika na Bagalu. Tujiulize kwa nini usharika unanunua spika kubwa kuliko za jirani na kuzielekeza barabarani. Tujiulize kuhusu mafuta na maji yanayouzwa kwa jina la Bwana mijini mwetu, na waumini wetu wanaoyaficha kabatini nyuma ya Biblia. Tujiulize kuhusu mashindano ya kwaya ambayo yakiisha, watu hawasalimiani mwezi mzima. Watu wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi: sheria hiyo ya uwanja wa Bulabo imeingia kwetu bila kupigiwa ngoma.

Kuhusu kanisa la Bujora lenyewe, lililojengwa mviringo na kupambwa kwa alama za utemi, hatukuwa na mawazo mamoja. Mwinjilisti wetu alifurahi sana. Alisema kwa mara ya kwanza ameona kwa macho maana ya kumwita Kristo mtemi. Mzee mwingine alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo bado tunalitafakari. Mtemi wa zamani, alisema, alihesabiwa kuwa mwenye mvua, na mvua ikikataa watu waliweza kumwondoa wakatafuta mwingine. Je, tukimpa Kristo kiti hicho, tumempa na sharti lake? Tunaona swali lake ni la haki. Tunawajua walioondoka kwetu mwaka wa ukame wakaenda kutafuta kanisa lenye mvua. Lakini hatuoni kwamba kosa ni la kiti. Kila jina tunalompa Bwana lilikwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla yake, hata jina la mfalme na jina la mchungaji, na kila jina linahitaji kufundishwa upya na yeye aliyelivaa msalabani.

Yote haya yana mtu nyuma yake. Katika mtaa wetu mmoja yuko mzee, kiongozi wa kikundi cha Bagalu, anayehudhuria ibada na sasa ameomba kuingia darasa la ubatizo. Wapo walioshauri aambiwe aichome ngoma mbele ya usharika, na vijana wapige picha. Baraza lilikataa. Tulimwita, tukamwambia ngoma yake ibaki, na kwamba kwaya ingependa awafundishe mapigo ya bugobogobo kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Tukamwambia pia kwamba dawa hapana, wala ya kuvuta watu wala ya kujikinga, hata ile aliyoachiwa na baba yake.

Alitujibu kwamba kuichoma ngoma kungekuwa rahisi zaidi. Ngoma ni yake peke yake, lakini dawa ni ya kikundi kizima, na akiingia uwanjani bila kinga, wenzake wataona amewafungulia mlango wote. Aliomba muda akazungumze nao. Amekwisha kuhudhuria vipindi vitatu vya darasa, kwaya imejifunza pigo la kwanza, na wenzake hawajampa jibu.