Ubabe wa Jukwaani

Ubabe wa jukwaani ni namna mwanasiasa anavyojionyesha kuwa yuko juu ya wenzake pasipo kutaja sheria wala kushika silaha. Nyenzo zake ni mwili na ulimi.

Mwili huteka nafasi. Lyndon Johnson, alipokuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti ya Marekani, alizoea kumsogelea mtu mpaka akamnyima pa kusimama. Picha za mwaka 1957 zinamwonyesha akimwinamia Seneta Theodore Green, uso kwa uso, na mzee huyo akilalia meza iliyo nyuma yake. Wengine huukuza mkono kwa kifaa: kati ya marais wa Kenya, Jomo Kenyatta alishika usinga, Daniel arap Moi rungu.

Ulimi huteka muda. Mbabe hukatiza wengine wala hakatizwi; hunyamaza akijua hakuna atakayethubutu kukijaza kimya chake. Hutumia pia mwito na kiitikio. Kenyatta aliponguruma “Harambee!”, umati ulioitikia ulikuwa umekwisha kukubali jambo kabla ya kusikia hoja.

Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: nguvu hiyo ni ya nani? Thomas Hobbes, katika Leviathan (1651), aliona kwamba kusifika kuwa na nguvu ni nguvu tosha, kwani wanaotafuta ulinzi humkimbilia mwenye sifa hiyo. Étienne de La Boétie, Mfaransa wa karne ya 16, alikuwa ameshika upande wa pili: mtawala hana nguvu ila ile anayopewa na wanaomtii, nao wakiacha kumtegemeza huanguka.

Tukio la Bucharest la tarehe 21 Desemba 1989 lilizipima hoja zote mbili. Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania, alikuwa akihutubia kutoka roshanini zomeazomea ilipoanza. Aliinua mkono kuwanyamazisha watu, kelele zikaendelea. Kesho yake alitoroka kwa helikopta. Ishara ilikuwa ileile iliyotiiwa kwa miaka mingi, ila waliotazama hawakuiogopa tena.

Kwa hiyo Hobbes anaeleza jinsi ubabe unavyokua, na La Boétie anaeleza unakotoka. Ishara ya mwanasiasa ni dai tu, na anayelikubali ni mtazamaji. Ndiyo maana lawama ya ubabe haimwishii msemaji: sehemu yake humwangukia msikilizaji aliyeitikia bila kuuliza sababu, isipokuwa pale ambapo kukataa kungemgharimu uhai.