Mgeni Mwenye Mshahara

Hakuna maneno yanayotamkwa kwa upole katika kikao cha ukoo kama haya: tuyamalize nyumbani. Mara nyingi ni maneno ya busara. Kwa maneno hayo mashamba yamegawanywa bila panga kuchomolewa, wanandoa wamerudiana, ndugu waliokuwa hawasalimiani wamekula tena sinia moja. Lakini ni maneno hayo hayo yanayosemwa binti wa miaka 12 anapoharibiwa na baba yake mdogo, kisha kesho yake wazazi wakaongozana kituoni kuomba jalada lifungwe kwa kuwa mambo yamekwisha. Yamekwisha kwa wakubwa. Binti hakuulizwa, na hata angeulizwa angejibu nini, naye jioni anarudi kulala chini ya paa lile lile?

Siku hizi, katika kikao cha namna hiyo, huenda akaketi mtu mmoja asiye wa ukoo. Hakuzaliwa nao, hakuoa kwao, hana shamba linalopakana na la kwao. Amekuja na kitambulisho cha halmashauri, na mwisho wa mwezi analipwa. Huyo ni afisa ustawi wa jamii. Ninachotaka kukitafakari ni haki yake ya kuketi pale. Inakuwaje mtu wa mshahara apewe nafasi katika jambo tulilozoea kuliachia damu na ujirani?

Jibu lililo midomoni mwa wengi ni kwamba tumeharibikiwa. Zamani shangazi alitosha, mjomba alitosha, kijiji kizima kilikuwa mzazi. Kisha ukaja mji, ikaja pesa, undugu ukalegea, ndipo serikali ikalazimika kuajiri watu wa kufanya kilichokuwa kinafanywa bure. Kwa mtazamo huo taaluma hii ni ushahidi wa hasara: tumepoteza ndugu, tumepewa ofisi. Nimelisikia jibu hilo misibani, vijiweni na kwenye mahubiri, na nakiri kwamba linavutia. Hata hivyo naliona si sahihi, na nadhani limeidhoofisha kazi hii kuliko ukosefu wa magari na mafuta unaolalamikiwa kila mwaka.

Picha ya zamani iliyotimia ilipata mwandishi wake bora mwaka 1962, Julius Nyerere alipoandika kijitabu chake kuhusu ujamaa kuwa msingi wa usoshalisti wa Kiafrika. Humo alieleza jamii ambamo mtu hakuhitaji kujilimbikizia mali ili awe na uhakika wa kesho, kwa kuwa jamii yenyewe ndiyo iliyokuwa akiba yake. Akakumbusha pia methali ya mgeni wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu. Picha hiyo haikuwa ya uongo. Ila ilichorwa kwa kusudi, na mchoraji wa kusudi huchagua cha kuacha nje. Kilichoachwa nje ni wale ambao kwao ukoo wenyewe ndio uliokuwa tishio.

Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ukawa ni macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia miaka hamsini. Aliyenyoosha kidole mara nyingi hakuwa mtu baki. Alikuwa wa nyumbani, na nyuma ya tuhuma palikuwa na shamba au ng'ombe. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto wengi walihamishiwa Buhangija, Shinyanga, kwenye shule iliyokuwa imeanzishwa kwa ajili ya wasioona. Walikimbizwa wasidhuriwe na wawindaji wa viungo, lakini wako ambao baada ya kufikishwa pale wazazi hawakurudi tena kuwaangalia. Wahenga hawakujidanganya katika hili. Waliposema undugu ni kufaana, si kufanana, walikuwa tayari wanajua kwamba damu peke yake haitoshi.

Lakini tuseme undugu umefanya kazi yake vizuri kabisa. Baba mkubwa amemchukua yatima, anamlisha, anamsomesha. Bado lipo jambo ambalo msaada huo hauwezi kumpa mtoto yule. Msaada wa ndugu huwekwa katika daftari lisiloandikwa. Kila ada iliyolipwa imo, kila shati la Idi au la Krismasi limo, na malipo yake ni utii, shukrani, kuamka mapema kuliko watoto wa nyumba, na inapobidi, kunyamaza. Simlaumu baba mkubwa; hajawahi kulifungua daftari hilo na huenda hajui kama lipo. Mtoto anajua. Ndiyo maana anayetegemea wema wa mtu hawezi kumshtaki mtu huyo, wala kumlalamikia, wala kumwambia kwa sauti ya kawaida kwamba amechoka.

Hapa mshahara unageuka kuwa jambo jema. Afisa aliyelipwa na umma kumsikiliza binti hamdai binti kitu. Hahitaji kushukuriwa. Kama amefanya kazi yake vibaya, binti ana haki ya kusema hivyo bila kuitwa mtovu wa fadhila. Tunapoudharau msaada wa kulipwa kwa kusema kwamba utu hauuzwi, tunasahau kuuliza ule utu wa bure ulikuwa unalipwa na nani. Mara nyingi ulilipwa na yule yule aliyesaidiwa, polepole, kwa miaka.

Wala si kweli kwamba mgeni anayepewa kitu ili aingilie mambo ya nyumba ni uzushi wa Wazungu. Utani, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi uliokomaa katika njia za misafara, ulimweka mtu wa nje katikati ya msiba. Mtani alishughulika na maziko wakati wenye msiba hawana nguvu ya kuinuka. Aliwaigiza marehemu na wafiwa, akawatolea maneno ambayo ndugu angeyasema pasingekalika, akachekesha watu waliokuwa wamevimba macho. Na hakuondoka mikono mitupu. Alikuwa na haki ya kudai chake, na asipopewa alijichukulia. Kungwi naye alitunzwa kwa kumfunda mwali yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Kilichowapa watu hawa ruhusa ni umbali wao. Wasingeweza kufanya waliyoyafanya kama wangekuwa mama, kaka au mkwe.

Basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Tofauti ya mtani na afisa ustawi ni kwamba mtani alijulikana. Kila mtu pale msibani alifahamu mipaka yake, anachoweza kuchukua na asichoweza. Afisa wetu ameletwa kabla watu hawajaambiwa mipaka yake ni ipi, na historia iliyomleta haikusaidia. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kushughulika na ustawi wa jamii baada ya Vita Kuu ya Pili, ikiwa na wasiwasi juu ya askari waliorejea kutoka vitani wakiwa wameona dunia, na juu ya vijana waliokuwa wakijaa mijini. Vituo vya jamii vilijengwa. Kituo cha Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ni kimojawapo, na majengo yake wengi wanayajua bila kujua yalikusudiwa nini. Nia ya ukarimu ilikuwamo, na nia ya kuwatuliza watu ilikuwamo. Uhuru uliibadili dhamira, na kwa sheria ya mwaka 1973 kikaanzishwa chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama. Kuanzia hapo kazi hii ikawa na darasa, mtihani na cheti. Cheti kilipatikana mapema kuliko heshima.

Swali la heshima hiyo ni la zamani, na si letu peke yetu. Mwaka 1915, huko Baltimore, Abraham Flexner, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amezichambua shule za udaktari za Marekani bila huruma, aliulizwa kama kazi ya ustawi ni taaluma. Alijibu kwamba bado. Daktari ana mwili, mwanasheria ana sheria. Huyu wa ustawi, alisema, ni mpatanishi anayewaunganisha wenye ujuzi wengine, wala hana eneo lililo lake. Miaka miwili baadaye Mary Richmond alichapisha kitabu kizima cha kuonyesha jinsi ya kukusanya na kupima habari za maisha ya mtu. Tangu wakati huo wanataaluma wamekuwa wakikimbizana na maneno ya Flexner, wakitafuta mbinu iliyo yao tu.

Mimi ningemkubalia Flexner hoja yake, kisha nikakataa hitimisho. Mfuate yule binti wa miaka 12. Polisi wanatoa fomu ya PF3 na kufungua jalada katika dawati la jinsia na watoto. Tabibu anapima, anaandika, anarudi kwenye foleni ya wagonjwa. Mwalimu mkuu anasajili utoro. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri. Hakimu anasubiri mashahidi, na mashahidi ndio wale walioamua kuyamaliza nyumbani. Kila mmoja ametimiza wajibu wake kikamilifu, na binti anaweza kupotea katikati yao pasipo hata mmoja kuwa na kosa. Kumshika mtoto huyo tangu siku ya PF3 hadi siku ya hukumu, na baada ya hapo kujua atalala wapi, ni kazi inayohitaji akili ya namna yake. Kuunganisha ndilo eneo. Flexner aliliona akadhani ni uwanja mtupu.

Na ndani ya kuunganisha kuna uamuzi ambao hauandikiki katika mwongozo wowote: lipi ni la kumalizwa nyumbani na lipi si la kumalizwa nyumbani. Sheria zetu zenyewe zinavuta pande mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanandoa wapitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa hali chache. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ya kwanza inasema suluhisheni, ya pili inasema ripotini. Afisa ndiye anayesimama pale sheria hizo zinapokutana, kwa mfano mume anapompiga mke mbele ya watoto na wazee wa pande zote mbili wamekwisha kukaa mkekani. Akisuluhisha kila kitu amekuwa mzee mwingine wa ukoo, mwenye diploma. Akiripoti kila kitu atavunja nyumba ambazo zingepona, na mara ya pili hakuna atakayemfungulia mlango.

Uamuzi huo haufanyiki kwa mbali, na hapa sifa za umbali nilizozitoa zina kikomo. Kazi hii ilizaliwa na tabia mbili zisizopatana. Chama cha kuratibu misaada kilichoanzishwa London mwaka 1869 kilituma watu majumbani kuwachunguza maskini na kuwatenga wanaostahili na wasiostahili. Jane Addams alipofungua Hull House kule Chicago mwaka 1889 alihamia mwenyewe katika mtaa wa wahamiaji, akaishi nao. Sisi tulirithi zote mbili. Tangu gharama za kuchangia matibabu zilipoingia katika hospitali za umma mwaka 1993, afisa ustawi wa hospitali amekuwa mlinzi wa mlango wa msamaha: mgonjwa anakuja na barua ya mtendaji, naye anapaswa kupima kama umaskini wake unatosha. Sijui kama kuna njia ya kumwuliza mtu ana kuku wangapi bila kumvua nguo. Kwa upande wa pili, UKIMWI ulipoacha yatima wengi, Taasisi ya Kijitonyama ilishirikiana na chuo cha Chicago chenye jina la huyo huyo Jane Addams kuwafunza wanavijiji wa kawaida kuwa wasaidizi wa ustawi wa jamii. Hao hawakuhitaji kuuliza habari za kuku. Waliwaona wakipita uani. Lakini kwa sababu waliishi pale, walikuwa na mashemeji pale, na tumerudi kwenye ukoo.

Sioni njia ya kuuondoa mvutano huu, na nadhani vyuo hukosea vinapowaahidi wanafunzi kwamba upo mfumo wa kuuondoa. Msaidizi wa kijijini aone, afisa wa wilaya athubutu. Mmoja bila mwingine ni nusu mtu. Wilaya ambayo ina maafisa wachache na kata nyingi haiwezi kuwa hata na hiyo nusu, lakini hilo ni jambo la bajeti na bajeti ina wasemaji wake.

Kinachonishughulisha zaidi ni upande wa pili wa mshahara. Nimesema unamkomboa msaidiwa. Je, unamfunga nani? Anayelipa ana amri. Mganga mkuu akiambiwa na mkubwa wa wilaya aandike kwamba maiti haina jeraha, sote tunaelewa kwamba anayo sababu ya kukataa iliyo juu ya ajira yake, na wenzake wataitambua. Sasa mgeni wa kitaifa anakuja, mji unafagiliwa, na afisa ustawi anawekewa mbele orodha ya watoto wa mitaani watakaopakiwa kwenye lori usiku na kupelekwa “makwao”. Anajua kwamba wanne kati yao wamewatoroka baba wa kambo. Anatakiwa kutia saini ili safari iitwe kuunganisha watoto na familia. Halmashauri iendelee kumlipa, sina ubishi na hilo. Ila alichokiandika kuhusu mtoto aliyekaa naye na kumsikiliza kisifutwe na mtu ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo, na akikataa kutia saini, uhamisho wake wa ghafla kwenda wilaya ya mpakani uwe ni jambo linalohitaji kuelezwa kwa maandishi mbele ya maafisa wenzake.